Nilisikia kwako

Kwa miaka tisa nilisoma magazeti redioni hapa Arusha. Kipindi kilianza saa kumi na mbili asubuhi, na ilipofika saa moja kasoro robo nilikuwa mbele ya maiki na kurasa za mbele za magazeti nane au tisa, chai ya rangi pembeni, na dakika kumi na mbili za kuzimaliza zote. Gazeti moja lilipata dakika moja na kitu. Nilisoma kichwa cha habari, nikasoma mistari miwili ya chini yake, nikatia neno langu, nikahamia gazeti linalofuata. Saa tatu nikipita soko la Kilombero nilikuta watu wanabishana juu ya vichwa vile vile, kwa mpangilio ule ule, na mara nyingine kwa neno langu lile lile nililolitia bila kulifikiria.

Miaka ya mwanzo jambo hilo lilinifurahisha. Mpaka alipougua mtu wa kwetu ndipo nilipoelewa nimekalia kiti gani.

Wanaoikumbuka Machi 2011 hawahitaji kuelezwa sana. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alieleza kuwa Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni na kwamba inatibu magonjwa sugu: kisukari, saratani, pumu, ukimwi. Nchi nzima ikamwita Babu. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwenye vumbi, watu walivuka mipaka kutoka Kenya na Uganda, na mwishoni mwa mwezi ule yeye mwenyewe aliomba watu wapya wasubiri mpaka tarehe 1 Aprili ili waliokwisha kufika wapate kuhudumiwa. Magazeti yalichapa picha za viongozi wameshika kikombe. Safari nyingi zilipitia Arusha, kwa hiyo chumba chetu cha habari kilikuwa mlangoni kabisa.

Kwa wiki sita mfululizo Samunge ilikuwa habari yetu ya kwanza. Tuliwahoji waliokuwa wanapanda magari na waliokuwa wanashuka. Waliokuwa wanashuka walikuwa na furaha, na furaha ikipita kwenye maiki huvuta watu kuliko kitu kingine chochote. Katikati ya habari tulicheza matangazo ya wenye magari: nauli, mahali pa kupandia, namba ya simu. Daktari mmoja alitupigia akaomba nafasi ya kuwakumbusha wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Tulimpa. Tulimweka baada ya michezo, sekunde arobaini.

Nina mama mdogo anaishi Usa River. Ana kisukari tangu nikiwa shule. Redio yake ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na kila asubuhi aliifungua, aliwahi kuniambia, ili asikie kama nina mafua. Mwezi wa nne alikwenda Samunge na wenzake sita wa jumuiya kwa gari la kukodi, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, amefurahi, anaimba. Hakutuambia kwamba ameacha vidonge. Agosti kiatu kilimchubua kisigino. Kidonda hakikupona. Oktoba mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilikaa naye wodini usiku wa pili baada ya upasuaji. Nilimuuliza, mama, kwa nini uliacha dawa bila kumwambia mtu? Hakukasirika. Alinitazama kama anayemweleza mtoto jambo lililo wazi, akasema: "Si wewe, mwanangu? Nilisikia kwako."

Mimi sikuwahi kutamka redioni kwamba mtu aache dawa. Nilirudi ofisini nikapekua makaratasi yangu ya wiki zile sita, nikayasoma moja baada ya jingine, nikitafuta sentensi ya uongo. Sikuipata. Kila mstari ulikuwa na mtu aliyeusema kweli: mama fulani wa Moshi amesema anajisikia nafuu, mzee fulani wa Singida amesema sasa anatembea bila mkongojo. Sentensi zote zilikuwa za kweli, na mama yangu mdogo alikuwa na mguu mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama vyombo vya habari vinadanganya, namwambia hilo ni swali jepesi mno. Uongo mara nyingi hukamatika, na anayeukamata hupata sifa. Kinachotuendesha zaidi ni mambo matatu ambayo hayana uongo ndani yake: nini kimewekwa mbele, kimerudiwa mara ngapi, na nani hakupigiwa simu. Mama mdogo alisikia Samunge ikiwa ya kwanza asubuhi arobaini. Daktari alimsikia mara moja, baada ya matokeo ya mpira, labda akiwa ameshatoka uani kuosha vyombo. Masikio yake yalipima uzito wa mambo kwa namna tuliyompangia sisi.

Baadaye, nilipokuwa nasoma stashahada ya uandishi jioni, mwalimu alitufundisha utafiti mmoja wa Marekani ambao kwangu ulikuwa kama kusomewa maisha yangu. Mwaka 1968, wakati wa kampeni za urais, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, ambao hawakuwa wameamua wampigie nani. Waliwauliza mambo gani ni makubwa kwa nchi, kisha wakalinganisha na yale yaliyopewa nafasi kubwa kwenye vyombo vya habari vilivyofika mji ule. Orodha mbili zilikaribia kuwa moja. Miaka mitano kabla, msomi wa siasa Bernard Cohen alikuwa ameshalisema kwa namna yake: gazeti huenda lisifanikiwe sana kukuambia uwaze nini, lakini hufanikiwa ajabu kukuambia uwaze kuhusu nini.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo, na ni wa daftari. Jumapili jioni, kabla hujafungua redio wala simu, andika mambo matatu yanayoisumbua nyumba yako na mtaa wako. Labda ni maji yanayotoka mara mbili kwa wiki, ada ya mtoto, daraja la mtaa lililobebwa na mvua. Kisha wiki nzima andika kila siku habari ya kwanza uliyoisikia na jambo mlilobishania zaidi kazini. Jumapili inayofuata weka kurasa hizo mbili pamoja. Mimi hufanya hivi mpaka leo, na kuna wiki ambazo hakuna hata jambo moja linalofanana. Wiki kama hiyo nimempa mtu mwingine kichwa changu siku saba, na daraja bado halipo.

Ushauri wa pili nauita kuhesabu midomo. Chukua habari yoyote, ya gazeti au ya televisheni, uhesabu nani amefungua mdomo ndani yake. Habari ya wamachinga kuondolewa barabarani: mdomo wa mkuu wa wilaya, mdomo wa kamanda, mdomo wa mwandishi mwenyewe. Yuko wapi mama anayeuza mihogo pale? Yuko wapi mwenye duka ambaye mlango wake umezibwa na meza za watu, ambaye naye ana hoja yake? Katika habari zetu za Samunge midomo ilikuwa mingi sana, mamia, na yote ilikuwa imetoka upande mmoja wa barabara. Wingi usikudanganye. Tafuta mdomo uliokosekana, na ukishaupata, jiulize angesema nini. Mara nyingi utajua jibu bila kuambiwa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye majina, kwa sababu ndipo moyo wangu huuma.

Desemba 2003 nilikuwa kijana najifunza kazi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hapa mjini, kwenye jengo la mikutano la AICC, na mwananchi yeyote aliweza kuingia, akakaa nyuma ya kioo, akavaa visikilizio. Tarehe 3 mwezi ule ilitolewa hukumu ya watu watatu ambao kesi yao iliitwa kesi ya vyombo vya habari: wawili walikuwa waanzilishi wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji yale, wa tatu mhariri wa gazeti. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi hao, aliyekuwa msomi wa historia, kwamba bila bunduki, bila panga, bila silaha yoyote ya mkononi, amesababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2007 rufaa ilikipunguza kuwa miaka 30.

Kilichonishangaza nilipoanza kufuatilia ni jinsi redio ile ilivyoanza. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na ilipendwa kwa muziki wake, utani wake, watangazaji wanaoongea kama vijana wa kijiweni. Watu walifungua kusikia muziki. Chuki ilikuja ndani ya burudani, na ilikuja kwanza kama jina: majirani Watutsi wakaitwa mende. Jina lilirudiwa miezi na miezi kabla ya Aprili 1994. Lilipokuja neno la kuua, lilikuwa la kuua mende.

Sasa tazama jambo hili. Mwezi ule ule wa Julai 1993, upande wa pili wa mpaka, Radio Tanzania ilianza mchezo wa *Twende na Wakati*. Nao ulikuwa burudani kwanza. Waliokuwa watu wazima wakati ule watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu. Mtaani kwetu mwanamume wa tabia ile aliitwa Mkwaju waziwazi, na alikoma au alihama njia. Watafiti walifanya jambo la akili: kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo mpaka 1995, wasikilizaji wa huko wakapigiwa vitu vingine, ili ionekane tofauti. Tofauti ilionekana. Kulikosikika mchezo, watu walianza zaidi kutumia uzazi wa mpango, na wengi wakaeleza kuwa mchezo uliwafanya wazungumze na wake au waume zao mambo ambayo hawakuwahi kuyagusa. Ulipofika Dodoma, na huko mambo yakabadilika.

Redio mbili, mwezi mmoja, nchi mbili zinazopakana. Mashine ni ile ile: sauti inayozoeleka, inayochekesha, inayorudi kesho. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba habari ni habari tu na burudani ni burudani tu. Kipindi cha utani asubuhi, kinachowataja watu wa kabila fulani kwa jina la kejeli kila siku mpaka likawa la kawaida, kinanitia hofu kuliko hotuba ya mwanasiasa. Hotuba tunaisikiliza tukiwa tumekunja uso. Utani tunausikiliza tukinywa chai.

Kwa hiyo angalia majina. Kijana akikamatwa na mali ya wizi na anaendesha pikipiki, kichwa cha habari husema "bodaboda mbaroni." Akiwa anafanya kazi benki, husema "kijana mbaroni." Soma vichwa vya namna hiyo mwaka mzima, na utashika mkoba wako kila pikipiki inapopita, bila kujua nani alikufundisha. Watu wale wale waliokaa sehemu miaka ishirini huitwa "wakazi" leo na "wavamizi" kesho, kutegemea nani ametoa taarifa kwa waandishi. Ukikutana na jina la namna hiyo, libadilishe kichwani mwako uweke jina la kawaida, "mtu", "baba", "jirani", uisome sentensi upya. Ikiwa habari imebaki na nguvu yake, basi ilikuwa habari. Ikiwa imelegea, nguvu ilikuwa kwenye jina.

Vichwa vyenyewe navijua kwa sababu nilikula kwa kuvisoma. Kichwa chenye alama ya kuuliza mara nyingi kinaficha kwamba mwandishi hana jibu. "Yadaiwa" na "inasemekana" hutamkwa haraka redioni mpaka hazisikiki, jifunze kuzisikia. "Siri nzito yafichuka," "Mapya yaibuka," "Kimenuka": haya ni maneno ya kukusimamisha kwenye meza ya magazeti, hayajakuambia kitu bado. Na niseme wazi kuhusu kazi niliyoifanya: kipindi cha kusoma magazeti hakikupi habari. Kinakupa vichwa na maoni ya msomaji ambaye, kama nilivyokuwa mimi, hajasoma kurasa za ndani kwa sababu muda haukumtosha. Ukiishia hapo, usiende kazini ukasema "nimesoma."

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni, nalo ni jinsi tunavyotengeneza picha ya "wananchi wanasema nini." Kila asubuhi tulikuwa na swali la siku, wasikilizaji watume meseji. Swali likiwa kali tulipata meseji thelathini, thelathini na tano. Kati ya hizo, kumi zilitoka kwa watu wale wale wa kila siku, tuliwajua mpaka miandiko yao. Bwana mmoja wa Kijenge alipiga simu mara tatu kwa majina matatu, na sauti ilikuwa moja. Saa tatu kasoro dakika tano mtangazaji alitangaza: "Wasikilizaji wetu wengi wanapinga." Wengi! Watu ishirini katika mkoa mzima. Lakini mama aliye Ngarenaro, ambaye alikuwa na mawazo tofauti, alisikia kwamba mji wote unapinga, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Na jioni kwenye kijiwe cha kahawa, wote wenye mawazo kama yake wakanyamaza pia, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Nadhani hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote niliyowahi kushiriki. Siku hizi hesabu ya "waliopenda" na idadi ya maoni chini ya video hufanya kazi ile ile, kwa haraka zaidi. Dawa yake ninayoijua ni moja: uliza watu wenyewe, uso kwa uso, watu watano ambao si marafiki zako. Fundi, mwalimu, mzee wa msikitini, binti wa saluni, dereva. Usiwaulize "unaonaje walivyosema redioni." Uliza jambo lenyewe. Utashangaa ni mara ngapi mji wa redioni na mji unaoishi havifanani.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, kwa kuwa wengi mnajua. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotumika, na malipo yenyewe hayatoshi nauli. Kwenye mkutano wa waandishi kuna bahasha. Si kila anayeipokea ameuza kalamu. Wengi niliowajua walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini habari ya aliyetoa bahasha ilifika mezani imeandikwa vizuri, na ya asiyekuwa nayo ilisubiri. Na tangazo la ukurasa mzima halihitaji kumpigia mhariri simu. Mhariri analijua lilipo. Ukiona kampuni inasifiwa katika habari na tangazo lake liko hapo hapo, unajua uanzie wapi kuuliza. Nikikumbuka nauli za Loliondo tulizozisoma katikati ya habari za Loliondo, nalia kwa ndani.

Sasa, simu. Leo mama mdogo hafungui tena redio ya juu ya kabati. Ana simu janja, na kundi la jumuiya, na kundi la ukoo. Siku hizi sauti inayomfikia asubuhi ni ya shangazi, ya mjomba wa Mwanza, ya mtoto wa mchungaji, na kila ujumbe umeandikwa "sambaza kwa wengi." Nguvu iliyomfanya aniamini mimi, ya sauti ya mtu wa nyumbani, sasa iko mikononi mwa kila mwenye bando. Naona watu wanawakemea wazee ndani ya kundi: "Mama, huo ni uongo, acha kutuma vitu usivyovijua." Tafadhali, usifanye hivyo. Mzee akiaibishwa mbele ya watoto wake hawezi kurudi nyuma, atashikilia zaidi. Mpigie pembeni. Msalimie vizuri, uulize afya, kisha muulize kwa heshima: "Shikamoo mama, ule ujumbe umeupata kwa nani? Na yeye kaupata wapi?" Uliza hivyo mara mbili tatu kwa siku tofauti, na utaona yeye mwenyewe anaanza kuuliza kabla ya kutuma. Kwetu ilichukua muda, lakini ilifika.

Na wewe mwenyewe, ujumbe ukikupandisha damu, ulaze. Usiutume usiku. Habari ya kweli itakuwa ya kweli asubuhi pia, na nyingi za zile zilizonichemsha usiku zilikuwa zimekufa kabla ya chai.

Lakini sitaki mtu asome haya akaamua kutoamini chochote. Nimewaona watu wa namna hiyo, na hawako huru kama wanavyodhani. Asiyeamini chombo chochote huishia kumwamini aliye karibu naye mwenye sauti kubwa. Mwaka 1993, tena mwaka huo huo, mwandishi Stan Katabalo aliandika katika gazeti la *Mfanyakazi* kuhusu kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilichopewa mgeni kutoka Uarabuni, na Watanzania wakaanza kuuliza ardhi yao inagawiwa namna gani. Bila gazeti, jambo lile lingebaki kati ya watu wachache na wafugaji wa pale. Na kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Wazee wetu walikaa mbele ya redio kikundi kizima, na kipindi kilipoisha ndipo mazungumzo yalipoanza. Natamani tungerudisha hicho. Sikilizeni taarifa ya habari pamoja nyumbani, mzime, kila mtu aseme alichosikia. Mtashangaa mlivyosikia mambo tofauti.

Katika miaka yangu tisa, wasikilizaji walipiga simu kuomba wimbo, kusalimia, kulaumu timu, kuuliza kipindi kimehamia saa ngapi. Aliyepiga kuuliza kuhusu kazi yetu yenyewe namkumbuka mmoja tu. Alikuwa muuguzi mstaafu wa Tengeru, na alipiga katika wiki ya tatu ya Samunge, nje ya hewa, akanikuta mezani. Alisema, "Mwanangu, nyinyi mnawahoji wanaoshuka kwenye magari. Wodini mmekwenda kuuliza?" Nilimjibu tutalifanyia kazi. Niliandika namba yake kwenye kona ya gazeti, gazeti likaenda na takataka.

Namba ya chumba cha habari husomwa redioni kila siku, na kwenye gazeti iko ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Ihifadhi kwenye simu yako. Siku ukihesabu midomo ukakuta mmoja haupo, piga. Usianze na lawama wala usitishie mtu. Uliza tu kama yule muuguzi, mmemuuliza na nani mwingine, na wakikujibu watalifanyia kazi, piga tena kesho.